Mwendelezo bila uchaguzi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu hisabati jenzi

Maswali haya huulizwa na wanafunzi wa shahada, waandishi wa programu wanaotumia mashine kuhakiki uthibitisho, na walimu ambao wamesikia kwamba "katika hisabati ya Brouwer kila fankisheni ina mwendelezo" wakashindwa kulala. "Uchaguzi" hapa ni aksiomu ya uchaguzi: kanuni inayosema unaweza kuteua kitu kimoja kutoka kila seti isiyo tupu, hata seti zenyewe zikiwa bila mwisho. Nimeyapanga kuanzia mepesi, ila anayefahamu msingi aruke moja kwa moja hadi swali linaloomba uthibitisho mmoja kamili, lenye namba za kuhesabia na ukomo wake, ∞. Kwangu hapo ndipo pana utamu wote.

Hisabati jenzi ni nini?

Ni hisabati ile ile ya namba, seti na fankisheni, ila neno "kipo" lina uzito zaidi. Ukisema kipo kitu chenye sifa fulani, unadaiwa njia ya kukipata. Ukisema "ama A ama B", unadaiwa kutaja ni ipi kati ya hizo mbili. Kwa hiyo hatutegemei kanuni ya jumla kwamba kila kauli ama ni kweli ama si kweli. Hatuikanushi, tunafanya kazi bila kuiegemea.

L. E. J. Brouwer, Mholanzi, alianza kuitilia shaka hadharani kanuni hiyo mwaka 1908. Mwanafunzi wake Arend Heyting aliiandikia mantiki hii sheria rasmi mwaka 1930. Mwaka 1967 Mmarekani Errett Bishop alionyesha kwamba sehemu kubwa ya uchanganuzi wa namba halisi hujengeka hivyo, bila kubeba falsafa nzito ya Brouwer. Kule Urusi, A. A. Markov mdogo na wenzake walikuwa na njia yao: kila kitu kiwe utaratibu wa kukokotoa.

Kwa nini mwendelezo ni suala kubwa kiasi hiki?

Fankisheni f ina mwendelezo kwenye x ikiwa, ili kuijua f(x) kwa usahihi unaoutaka, inatosha kuijua x kwa usahihi fulani. Sasa fikiria programu inayosoma namba halisi kwa makadirio, moja baada ya jingine, kila moja likiwa bora kuliko lililotangulia. Ili itoe kadirio la kwanza la jibu, ni lazima isimame mahali ikiwa imesoma makadirio machache tu. Basi namba nyingine yoyote inayoshiriki makadirio hayo itapata jibu hilo hilo. Huo ndio mwendelezo, na umetokana na kukokotoa kwenyewe.

Brouwer alitangaza miaka ya 1920 kwamba kila fankisheni iliyofafanuliwa kwenye kipande chote cha 0 hadi 1 ina mwendelezo sare, yaani kiwango kimoja cha usahihi kinatosha kipande kizima. Kreisel, Lacombe na Shoenfield mwaka 1959, na Tseitin kwa upande wa Urusi, walipata kauli ya jirani kwa fankisheni zinazokokotoleka: zina mwendelezo katika kila nukta. Bishop yeye hakuingia kwenye mjadala. Kwenye kipande funge aliweka mwendelezo sare ndani ya maana yenyewe ya fankisheni yenye mwendelezo, akaendelea na kazi.

Lakini ile fankisheni ya ngazi, 0 upande wa kushoto na 1 upande wa kulia, si ipo?

Nenda dukani ukamwambie muuzaji: "Niambie kama sukari hii ni kilo moja kamili au imepungua." Mizani haiwezi kujibu, hata iwe nzuri namna gani. Muulize badala yake: "Je, imezidi gramu 990, au iko chini ya gramu 1,010?" Swali hilo linajibika daima, kwa sababu majibu mawili yanapishana katikati, na uzito ukiangukia kwenye mpishano jibu lolote kati ya hayo mawili ni sahihi. Namba halisi ziko hivyo hivyo. Fankisheni ya ngazi inadai jibu la swali la kwanza.

Tuone ukali wake. Dhana ya Goldbach, ya mwaka 1742, inasema kila namba shufwa kuanzia 4 ni jumla ya namba tasa mbili. Imekaguliwa hadi 4 × 10¹⁸ bila kupatikana inayoasi. Tengeneza namba x hivi: ikiwa k ndiyo namba shufwa ya kwanza inayoasi, x ni −1/2ᵏ, isipopatikana, x ni 0. Namba hii imefafanuliwa vizuri kabisa. Unaweza kuikadiria kwa usahihi wowote leo hii. Fankisheni ya ngazi ikipewa x itakuambia kama x ni 0 au kubwa kuliko 0, au siyo. Hapo utakuwa umejibu swali la Goldbach kwa kubonyeza kitufe.

Nguvu hiyo ya kujibu ina jina lake, WLPO: kwa kila mfuatano wa 0 na 1, ama wote ni 0, ama si kweli kwamba wote ni 0. Shika herufi hizo nne, zitarudi.

Je, naweza kuthibitisha kwamba kila fankisheni ina mwendelezo?

Bila kuongeza chochote, huwezi. Hisabati ya Bishop inakubaliana na hisabati ya kawaida ya darasani, ambamo ngazi ipo. Ingethibitisha mwendelezo wa kila fankisheni, ingegongana nayo. Kinachowezekana ni kuonyesha bei: fankisheni isiyo na mwendelezo inagharimu nini, na mwendelezo wa zote unagharimu nini. Theoremu nyingi za eneo hili ni orodha za bei za namna hiyo.

Aksiomu ya uchaguzi si ilishakataliwa zamani?

Ile ya jumla, ndiyo. Diaconescu mwaka 1975, kisha Goodman na Myhill mwaka 1978, walionyesha kwamba ukiikubali kwa seti zote, kanuni ya "ama ndiyo ama siyo" inarudi kwa mlango wa nyuma. Kilichobaki ni ndugu zake wadogo. Uchaguzi wa kuhesabika unasema: kama kwa kila n kuna kitu kinachofaa, basi kuna mfuatano unaokuchagulia kimoja kwa kila n. Uchaguzi tegemezi unasema hivyo pia, ila kila hatua inaangalia hatua iliyopita. Bishop aliwakubali wote wawili. Hoja yake ilikuwa kwamba kusema "kipo" tayari ni kuwa na njia ya kuchagua, na wafuasi wake wengi waliutumia uchaguzi huo bila kuutaja, kama mpishi anavyotia chumvi bila kuiandika kwenye orodha ya mahitaji.

Basi uchaguzi unaingilia wapi hasa?

Swali hili ningependa kila mwanafunzi alikariri pamoja na jibu lake: unaingia pale unapoiuliza namba halisi swali la ndiyo au hapana, mara zisizo na mwisho.

Chukua mfuatano wa namba halisi r₀, r₁, r₂ na kuendelea. Kwa kila n, ni kweli kwamba rₙ ni kubwa kuliko 0 au ni ndogo kuliko 1. Hadi hapo hakuna tatizo. Sasa mwandishi anaendelea: "Basi weka λₙ kuwa 1 ikiwa umepata la kwanza, na 0 ikiwa umepata la pili." Simama hapo. Namba 1/2 inastahili majibu yote mawili, na hakuna kanuni inayosema achukue lipi. Angekuwa na makadirio ya rₙ mkononi, angesoma kadirio la tatu, tuseme, na kuamua. Ila namba halisi ile ile inaweza kukadiriwa kwa njia nyingi, na njia tofauti zitatoa λₙ tofauti. Kuchagua njia moja kwa kila n ndiyo aksiomu yenyewe.

Swali moja halina gharama. Maswali kumi, au maswali m kwa namba m uliyoitaja, hayana gharama pia, kwa sababu uchaguzi wa idadi yenye kikomo huthibitishwa kwa uingizaji, yaani hatua moja baada ya nyingine hadi ya mwisho. Ni kuuliza bila mwisho pekee kunakoleta deni.

Kwa nini nijisumbue kuuepuka? Uchaguzi wa kuhesabika unaonekana hauna madhara.

Fred Richman aliandika kwa juhudi kubwa mwaka 2000 na 2001 akitetea kuuacha, na sababu iliyonishawishi mimi ni hii: uthibitisho usio na uchaguzi unasafiri. Kuna ulimwengu za hisabati, ziitwazo toposi, ambamo "namba halisi" si nukta moja bali ni namba inayobadilika kwa mwendelezo kadiri kigezo fulani kinavyobadilika. Mantiki ya humo ni mantiki jenzi, na kwa kawaida uchaguzi wa kuhesabika haufanyi kazi. Ukithibitisha theoremu bila uchaguzi, umeithibitisha mara moja kwa familia nzima za namba zinazobadilika pamoja.

Mfano ni mlinganyo z² = w, w ikiwa namba changamano inayozunguka karibu na 0. Kwa kila w kuna mzizi. Lakini zungusha w duara zima kuizunguka 0 ukiufuata mzizi wake kwa mwendelezo: unaporudi ulikoanzia, mzizi umegeuka kuwa hasi yake. Hakuna kanuni yenye mwendelezo inayochagua mzizi mmoja karibu na 0. Ndiyo maana Richman, alipoijenga theoremu ya msingi ya aljebra (ile inayosema polinomia zina mizizi katika namba changamano) bila uchaguzi, hakuahidi mzizi mmoja mmoja; alishughulikia mizizi yote kama fungu, kwa sababu fungu lenyewe linabadilika kwa mwendelezo hata pale ambapo mzizi mmoja hauwezi kuteuliwa. Kuukataa uchaguzi kulimwonyesha theoremu ilikuwa inazungumzia nini.

Nionyeshe uthibitisho mmoja kamili usio na uchaguzi.

Kwa furaha. Huu ni wa Martín Escardó, ulichapishwa 2013, na ni miongoni mwa vitu vizuri zaidi nilivyowahi kusoma katika eneo hili.

Tengeneza seti N∞, yaani namba za kuhesabia pamoja na ukomo wao. Kila kipengele ni mfuatano wa 1 na 0 usiopanda: ukishashuka kwenye 0 haurudi tena kwenye 1. Namba n ni moja n zikifuatiwa na sifuri daima. Ukomo, ∞, ni moja tupu bila mwisho. Hatuwezi kusema kila kipengele ama ni namba fulani ama ni ∞. Hiyo ingekuwa ni kujua mapema kama mfuatano utashuka siku moja. Tunachojua ni kwamba kipengele ambacho si 0, si 1, si 2, wala namba yoyote ya kuhesabia, lazima kiwe ∞.

Sasa chukua fankisheni yoyote p inayopokea kipengele cha N∞ na kutoa 0 au 1. Dai: ama kuna x ambapo p(x) = 0, ama p(x) = 1 kwa kila x. Kwa namba za kuhesabia peke yake dai hili halithibitishiki, kwani utahitaji kukagua namba zisizo na mwisho. Kwa N∞, ambayo ni kubwa zaidi, linathibitishika.

Tengeneza mfuatano s hivi: nafasi ya n ina 1 ikiwa p imetoa 1 kwa 0, 1, hadi n, vinginevyo ina 0. Mfuatano huu haupandi, kwa hiyo ni kipengele cha N∞. Iulize p kuhusu s, swali moja tu.

Ikiwa p(s) = 0, umeshapata ulichokitafuta: s yenyewe. Ikiwa p(s) = 1, angalia kinachofuata. Je, s inaweza kuwa namba n? Kama s ni n, basi n ndiyo namba ya kwanza ambapo p inatoa 0, kwa hiyo p(s) = p(n) = 0, nasi tumeshasema ni 1. Basi s si namba yoyote, kwa hiyo s ni ∞. Maana yake p inatoa 1 kwa kila namba ya kuhesabia, na p(∞) = p(s) = 1 pia. Je, kuna x iliyojificha kati ya namba na ∞ ambapo p(x) = 0? x hiyo isingekuwa namba yoyote, kwa hiyo ingekuwa ∞, na p(∞) ni 1. Haipo. Kwa kuwa p hutoa ama 0 ama 1, p(x) = 1 kwa kila x.

Tafuta uchaguzi ulipo. Hamna. s imeandikwa kwa kanuni moja isiyo na utata, kwa kuwa majibu ya p ni 0 au 1 na hayapishani. Mwendelezo wa p nao haukutumika popote. P inaweza kuwa fankisheni yoyote ile.

Vizuri, ila hilo linahusianaje na mwendelezo?

Katika N∞, namba 0, 1, 2 na kuendelea zinaikaribia ∞. Fankisheni p isiyo na mwendelezo hapo, kwa mfano wa wazi kabisa, ni ile inayotoa 1 kwa kila namba ya kuhesabia na 0 kwa ∞. Tuseme unayo. Nikupe mfuatano wowote wa 0 na 1, kama wa Goldbach: 1 kwa kila namba shufwa inayoasi, 0 kwingine. Ugeuze kuwa kipengele x cha N∞: x inabaki na 1 mradi mfuatano haujatoa 1, kisha inashuka milele. Ukipata p(x) = 1, x si ∞, kwa hiyo si kweli kwamba mfuatano wote ni 0. Ukipata p(x) = 0, x si namba yoyote, kwa hiyo ni ∞, na mfuatano wote ni 0. Hiyo ni WLPO. Na mwenye WLPO anaweza kuitengeneza p hiyo. Bei inalingana kwa senti, pande zote mbili, bila uchaguzi.

Katika makala yake ya 2015 Escardó alikwenda mbali zaidi. Alithibitisha kwamba kila fankisheni kutoka N∞ kwenda namba za kuhesabia ama ina mwendelezo ama haina, kwa maana dhaifu ya "kuna", yaani "si kweli kwamba hakuna". Sentensi hiyo ni kipande cha kanuni ya "ama ndiyo ama siyo", ile ile tuliyoacha kuitegemea, nacho kimethibitishwa bure. Tena kusema fankisheni zote za namna hiyo zina mwendelezo kwa maana hiyo ni sawasawa na kuikanusha WLPO. Hili nimewaeleza watu wengi ubaoni, na kila mara kuna anayeomba turudi mwanzo kutafuta hila. Hakuna hila.

Kwa nini majibu yawe namba za kuhesabia? Yakiwa namba halisi inakuwaje?

Ndipo uchaguzi unaporudi kubisha hodi. Mwanahisabati wa Kijapani Hajime Ishihara, katika makala za 1991 na 1992, alionyesha mbinu ambayo sasa inabeba jina lake. Una fankisheni f, ambayo majibu yake yakiachana kwa umbali unaopimika basi namba ilizopewa nazo zimeachana hivyo, na mfuatano xₙ unaokaribia x. Kwa kila n unauliza: je, umbali kati ya f(xₙ) na f(x) umezidi a, au uko chini ya b, ambapo a ni ndogo kuliko b? Unaandika majibu kama mfuatano wa 0 na 1. Kisha unajenga mfuatano mpya unaokaa kwenye x, na siku jibu "umezidi" likitokea mara ya kwanza unahamia kwenye xₙ hiyo na kukaa hapo. Mfuatano mpya una kikomo y. Unaiuliza f kuhusu y mara moja, na jibu linakuambia ama umbali umezidi a mahali fulani, ama uko chini ya b kila mahali.

Unaona ni ndugu wa uthibitisho wa N∞. Tofauti ni mstari mmoja: "unaandika majibu kama mfuatano". Kwa majibu ya namba za kuhesabia, swali "ni sawa au si sawa?" lina jibu moja tu, na mfuatano unajiandika wenyewe. Kwa namba halisi majibu yanapishana, na kuyaandika yote ni uchaguzi wa kuhesabika.

Kwa mbinu hiyo, akiwa na uchaguzi, Ishihara aliuchambua mwendelezo hadi vipande vitatu: kukanusha WLPO, umbo dhaifu la Kanuni ya Markov (ile inayosema kama si kweli kwamba mfuatano wa 0 na 1 wote ni 0, basi kuna mahali una 1), na kanuni iitwayo BD-N. Hii ya tatu inahusu seti za namba za kuhesabia zinazoorodheshwa, nayo ndiyo tofauti kamili kati ya kuhifadhi vikomo vya mfuatano na kuwa na mwendelezo wa kila nukta. BD-N ni kweli katika hisabati ya kawaida, ni kweli kwa Brouwer, ni kweli kwa Markov, na bado haithibitishiki katika hisabati ya Bishop. Lietz na Streicher, na kwa njia nyingine Lubarsky, walijenga mifano ambamo inaanguka.

Je, kuna mbinu ya kuondoa uchaguzi pale ambapo namba halisi hazikwepeki?

Ipo moja ninayoipenda sana, ya Matthew Frank, kuhusu theoremu ya thamani ya kati. Fankisheni f ina mwendelezo, iko chini ya 0 kwenye a na juu ya 0 kwenye b. Kupata nukta ambapo f ni 0 kamili hakuwezekani kwa ujumla. Tunataka nukta ambapo f haifiki ε mbali na 0, ε ikiwa namba ndogo yoyote iliyo juu ya 0 uliyoitaja. Njia ya kawaida ni kugawa kipande katikati, kuuliza kama f iko juu au chini pale katikati, kuchukua nusu inayofaa, na kurudia. Maswali bila mwisho kwa namba halisi: uchaguzi tegemezi.

Frank anasema usichague, sogea. Kwenye katikati c, hesabu d = 1/2 + f(c)/ε, kisha ikate isishuke chini ya 0 wala kupanda juu ya 1. Kipande kipya ni nusu ya urefu wa kile cha zamani. Kama d ni 1, ni nusu ya kushoto. Kama d ni 0, ni nusu ya kulia. Kama d iko kati, kipande kinakaa kati kwa kadiri ya d: ncha yake ya kulia ni b kutoa d mara nusu ya urefu. Hakuna aliyeulizwa swali lolote. Kila kitu ni kanuni ya hesabu, na vipande vinashuka kwenye nukta moja, tuiite z.

Sasa, baada ya kuipata z, uliza maswali, lakini machache. Mwendelezo wa f kwenye z unakuambia ni hatua m ngapi zinatosha ili ncha za kipande ziwe karibu na z kiasi kwamba f zake zinatofautiana na f(z) kwa chini ya ε. Pitia hatua hizo m tu. Kwenye kila katikati, ama f haifiki ε mbali na 0, na umepata nukta yako. Ama iko mbali kuliko ε/2, na hapo d ni 0 au 1 kamili, kwa hiyo kipande kipya bado kina f chini ya 0 kushoto na juu ya 0 kulia. Ukimaliza hatua zote bila kupata, ncha za mwisho zinaibana f(z) kati ya −ε na ε. z ndiyo nukta yako.

Yaani uamuzi umehamishwa kutoka kwenye ujenzi, ambako ungekuwa bila mwisho, hadi kwenye ukaguzi, ambako una mwisho.

Nikiandika "kila fankisheni ina mwendelezo" kama aksiomu kwenye mashine ya kuhakiki, kuna hatari?

Ipo, na ni ya kushangaza. Escardó na Chuangjie Xu walionyesha mwaka 2015 kwamba katika nadharia ya aina, yaani mantiki ambayo mashine nyingi za namna hiyo zimejengwa juu yake, ukisoma "kuna" kwa nguvu yake yote, yaani kama fankisheni inayokukabidhi jibu, kauli hiyo inathibitisha 0 = 1.

Uthibitisho ni mfupi. Tuseme kuna M inayopokea fankisheni f kutoka mifuatano ya namba hadi namba, na kutoa idadi M(f) ya nafasi za mwanzo zinazotosha kuijua f karibu na mfuatano wa sifuri tupu. Weka m = M ya fankisheni inayotoa 0 daima. Kwa kila mfuatano β, tengeneza fankisheni inayopokea α, inasoma nafasi ya m ya α, kisha inasoma β kwenye nafasi inayotajwa na namba iliyoikuta hapo (nafasi zinahesabiwa kuanzia 0). Iite g(β) ile idadi ambayo M inatoa kwa fankisheni hiyo. Kwa β ya sifuri tupu, g inatoa m. Weka k = M(g), na chukua β yenye sifuri k + 1 kisha moja daima. β inakubaliana na sifuri kwenye nafasi k za kwanza, kwa hiyo g(β) bado ni m. Maana yake fankisheni ya β hailazimiki kusoma zaidi ya nafasi m za kwanza za α: α yoyote yenye sifuri m za mwanzo itatoa jibu lile lile la sifuri tupu, yaani 0. Lakini chukua α yenye sifuri m kisha k + 1 daima. Nafasi yake ya m ni k + 1, na β hapo ni 1. Tumepata 0 = 1.

Kosa halimo kwenye mwendelezo. Limo kwenye M, kwenye kuchagua kipimo kimoja kwa kila fankisheni. Ukisoma "kuna" kwa namna laini, isiyokabidhi kitu, aksiomu hiyo haina mgongano. Kwa hiyo uchaguzi, ambao kwingine ni anasa tu, hapa ni sumu.

Mwendelezo sare wa fankisheni kutoka mifuatano ya 0 na 1 hadi namba una salama yake: kipimo kidogo kuliko vyote ni kimoja tu, na ukishajua kipimo chochote, kidogo zaidi hupatikana kwa kukagua mifuatano mifupi yenye mwisho ya 0 na 1. Usomaji wa nguvu na ule laini unakuwa kitu kimoja.

Namba halisi zipi? Za Cauchy au za Dedekind?

Za Cauchy hujengwa kwa mifuatano ya makadirio, za Dedekind kwa kuzigawa namba za sehemu kuwa zilizo chini na zilizo juu. Ukiwa na uchaguzi wa kuhesabika, ni zile zile. Usipokuwa nao zinatengana. Lubarsky alionyesha mwaka 2007 kwamba namba za Cauchy zinaweza kukosa hata vikomo vya mifuatano yao wenyewe. Tumia za Dedekind, ambazo zimekamilika bila uchaguzi. Nukta z ya Frank hapo juu inazihitaji.

Na pale ambapo jibu ni moja tu, hapo nako ni uchaguzi?

Ni uchaguzi wa kipekee, na katika toposi yoyote ni bure. Katika Msingi wa Kiminimali, mfumo wa msingi wa hisabati jenzi wa Maietti na Sambin, hata huo haupo, kwa sababu wanatofautisha fankisheni na uhusiano wenye jibu moja. Kama hufanyi kazi huko, utumie bila hofu.

Nitajuaje kama uthibitisho wangu umetumia uchaguzi bila mimi kujua?

Tafuta sentensi ya namna ya "kwa kila n, chagua". Kisha uliza: majibu yanapishana? Kama ni namba kamili zinazolinganishwa, au 0 na 1, endelea. Kama ni namba halisi, jaribu kwa mpangilio huu: je, kuna kanuni ya hesabu inayoweza kukaa mahali pa uamuzi, kama d ya Frank? Je, naweza kusubiri hadi nijue idadi ya hatua, ndipo niamue? Je, naweza kubeba fungu zima la majibu badala ya jibu moja, kama mizizi ya Richman? Agda, mojawapo ya mashine za kuhakiki uthibitisho, itakusaidia sana, kwa kuwa haina uchaguzi wa kuhesabika kwa "kuna" laini mpaka uuandike mwenyewe. Uthibitisho wa N∞ umo humo, kwenye maktaba ya Escardó iitwayo TypeTopology. Anza kwa kuuandika huo upya bila kuchungulia. Utahitaji kuonyesha kwamba s haipandi, na kwamba mifuatano miwili inayokubaliana kila nafasi ni kitu kimoja, jambo ambalo Agda ya kawaida haikupi mpaka uliandike mwenyewe.